Magadi kwenye Kenchi za Injinia

Benchi liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, hapa Izia, pale njia inapokata kona kuelekea mashambani. Ni langu, ingawa ukilikuta saa tatu asubuhi utadhani ni mali ya halmashauri. Mkono wa kushoto anakaa Rozina na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Katikati anakaa Profesa, jina lake Zenon, aliyefundisha sayansi darasa la nne kwa miaka thelathini na mpaka leo bado anasahihisha watu. Anayefuata ni Dizeli, jina la ubatizo Meshack, fundi wa mashine za kusaga, kijana kuliko sisi wote na mwenye kelele kuliko mashine zake. Mwisho kabisa, penye jua, ni mahali pa Injinia. Anaitwa Felisiani, ni seremala mstaafu aliyeezeka nusu ya nyumba za kata hii, na hilo jina la Injinia alijipa mwenyewe. Mimi wananiita Soli. Sikuombwa maoni.

Ili uelewe kilichotokea asubuhi ile, jua kwanza kwamba Injinia amekuwa akiishi peke yake tangu mwezi wa kwanza. Mkewe, Otilia, alianza kukohoa mvua zilipokolea, akakohoa mpaka zahanati wakamwambia kikohozi kinatoka chumbani mwake mwenyewe. Juu ya jipsam ya dari yao kulikuwa kumeota ukungu kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Otilia akafunga kanga zake, akaenda kwa binti yao Silvana kule Milanzi, akasema: siku ukungu ukitoka, narudi. Hakugomba wala hakununa. Injinia alitaka arudi kabla ya Pasaka, na Pasaka ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na baridi ilikuwa ile yetu ya kuingia kwenye vifundo vya vidole. Injinia alifika amevaa koti juu ya koti.

Dizeli: Shikamoo Injinia. Nasikia leo nyumba inaogeshwa.

Injinia: Marahaba. Haiogeshwi, inapulizwa.

Dizeli: Inapulizwa na nini?

Injinia: Magadi.

Rozina alikuwa anamimina kahawa. Akaacha kumimina.

Rozina: Magadi haya ninayotia kwenye makande?

Injinia: Ndugu yake. Haya ni unga mweupe, laini, hata mandazi unaumulia. Yanatiwa kwenye mtungi wa chuma, kompresa inasukuma upepo, yanatoka kwenye mpira kwa kasi, yanapiga mbao, ukungu unabanduka.

Dizeli: Na mbao?

Injinia: Mbao inabaki.

Dizeli: Nani kasema?

Injinia: Fundi. Anatoka Kabwe. Kule ziwani hiyo mashine wanabandulia rangi kuukuu kwenye maboti. Anafika leo hii.

Profesa: Kuna tofauti kubwa kati ya boti na nyumba.

Injinia: Ipi?

Profesa: Boti ikiharibika, aliyemo anajua kuogelea.

Tuliipekua hiyo sentensi. Ndiyo shida ya Profesa. Akisema kitu, unapoteza nusu kikombe ukitafuta kama kina maana.

Dizeli: Mimi sikatai upepo. Upepo naujua, ni kazi yangu. Nakataa magadi. Injinia, maharage magumu ukitaka yaive haraka unafanyaje?

Injinia: Nakwenda hotelini. Mke hayupo.

Dizeli: Mama yangu anatia magadi kijiko kimoja, saa hiyohiyo maharage yanalegea. Kijiko kimoja! Wewe unakwenda kutia gunia. Hizo kenchi zitaiva.

Rozina: Mbao haiivi, Dizeli.

Dizeli: Haiivi kwa sababu hakuna aliyewahi kuipika. Subirini mwezi wa nane jua likiwaka, bati lipate moto. Chini kuna mbao zenye magadi, juu kuna bati la moto. Si sufuria hiyo? Injinia atakuwa amelala, atasikia paa linashuka taratibu kuja kumwamkia.

Rozina: Chumvi atie saa ngapi?

Dizeli: Chumvi ni ya jasho lake.

Tulicheka. Injinia alitabasamu upande mmoja wa mdomo, akapuliza kahawa ambayo haikuwa ya moto tena.

Profesa: Dizeli, sifuri. Kaa chini. Swali siyo magadi, swali ni ukungu umetoka wapi. Na jibu ninalo. Umetoka puani.

Dizeli: Puani kwa nani?

Profesa: Kwa wenye nyumba. Mtu akilala anatoa pumzi, na pumzi ina maji. Pumulia kioo uone. Usiku mmoja mtu mmoja anatoa maji ya kujaza kikombe hiki. Wawili, vikombe viwili. Zidisha kwa miaka ya ndoa. Injinia, mmeoana miaka mingapi?

Injinia: Thelathini na nane.

Profesa: Umeona! Hilo ni bwawa.

Rozina: Nyumba yenyewe ina miaka mitatu, Profesa.

Profesa: Pumzi wamehama nazo kutoka nyumba ya zamani.

Dizeli: Kwenye ndoo au kwenye kapu?

Profesa: Usivuruge darasa. Sasa, mama ameondoka, amebaki mmoja. Kwa hesabu, ukungu ulipaswa kupungua nusu. Injinia, umepungua?

Injinia: Umeongezeka.

Profesa: Basi pumzi nyingi ilikuwa ya kwako.

Hapo hata Rozina alicheka mpaka akashika goti. Injinia hakucheka. Nilimtazama kola ya shati iliyokuwa imekunjamana upande mmoja, nikamhurumia, nasema wazi. Mtu aliyeishi na Otilia miaka yote hiyo hajui pasi ya mkaa inawekwa wapi. Kila Jumapili baada ya misa anapanda pikipiki kwenda Milanzi kumsalimia mkewe kama mchumba, anakaa sebuleni kwa mkwewe amefunga magoti, anapewa soda, anarudi. Na kuna jambo lingine linalomla. Yeye ndiye fundi wa kenchi. Tangu habari ya ukungu ienee, watu watatu aliowaezekea nyumba wameshapanda darini na tochi, na mmoja alimsimamisha njiani mbele ya kanisa kumuuliza kama ana dhamana.

Injinia: Zile kenchi nilizipaka oili chafu mwenyewe, ubao kwa ubao. Hakuna mchwa aliyezigusa mpaka leo.

Dizeli: Mchwa ana akili. Aliona ukungu akasema hapa pana wenyewe.

Injinia: Mbao zilikuwa kavu. Nilizikagua kwa mkono wangu.

Dizeli: Zilitoka wapi?

Injinia: Mbeya.

Dizeli: Basi! Paina ya Mbeya. Umeileta kwetu kwenye baridi haijazoea, haina ndugu, haina jamaa. Imekaa juu gizani inakumbuka kwao. Inalia. Machozi yakikaa sana yanaota ukungu.

Profesa: Mbeya nako baridi.

Dizeli: Baridi ya kwao ni ya kwao. Hata mimi nikilala ugenini siku ya kwanza naamka natoka jasho.

Rozina: Benchi hili tunalokalia ni mbao za wapi?

Injinia: Zilezile. Nilimpa Soli zilizobaki.

Rozina: Linanyeshewa kila siku, halina bati juu. Mbona halina ukungu?

Wote watano tukainama kutazama chini ya benchi, pamoja na mimi mwenye benchi. Lilikuwa limefifia rangi na limejaa alama za vikombe, lakini ukungu hakuna.

Dizeli: Halina kwa sababu Profesa analikalia. Ukungu wenyewe umeogopa maswali.

Rozina: Nauliza kweli, jamani.

Lakini swali la Rozina halikupata mtu. Hilo ndilo kosa la kijiwe chetu, na nimeliona miaka mingi: mtu akisema jambo lenye akili, tunampa kashata ya bure ya kicheko tunaendelea na upuuzi wetu. Dizeli alikuwa ameshafika mbali.

Dizeli: Na kingine. Kompresa ya kubandulia maboti mnaijua nguvu yake? Mimi nimefungua kompresa ya gereji, ndogo kama mbuzi, ikanivua kofia. Ya maboti ndiyo kubwa kama ng'ombe. Unaiingiza darini, unafungua, upepo unatafuta pa kutokea. Injinia ameziba kila tundu. Utatokea wapi?

Profesa: Juu.

Dizeli: Juu! Bati lote linanyanyuka, kenchi zikiwa zimening'inia chini yake kama miguu ya kuku. Linapita Milanzi, Mama Silvana anaangalia juu anasema, "Hee, si paa letu hilo?" Linakwenda kutua Zambia. Na kulirudisha ni pasipoti.

Profesa: Zambia wangelitoza ushuru.

Dizeli: Wangelirudisha wenyewe wakiona ukungu.

Rozina: Labda kuna mtu amemrushia kitu.

Profesa: Rozina, na wewe? Watu wa nje tayari wakisikia tunakotoka wanasogeza viti, wakidhani sote tunaroga. Mchawi gani aache watu, aache ng'ombe, akaroge mbao?

Dizeli: Mchawi seremala.

Profesa: Na seremala hapa ni mmoja tu. Injinia, umejiroga?

Injinia aliweka kikombe chini.

Injinia: Chekeni. Mimi sitaki kujua ulitoka wapi. Nataka utoke. Pasaka iliyopita Otilia alipika nyumbani kwake, watoto wote walikuja, hata wa Mpanda. Mwaka huu Silvana ameniambia, "Baba, uje ule kwetu." Nialikwe Pasaka kama mgeni, na nyumba ninayo. Ukungu ukitoka, anarudi. Basi.

Dizeli, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu, alimsogezea kashata yake aliyokuwa ameimega kidogo.

Ni wakati huohuo pikapu yenye mzigo uliofunikwa turubai ilisimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mwanamke wa kama miaka thelathini na tano, amevaa ovaroli ya bluu iliyopauka na viatu vya kazi, barakoa kubwa ya vumbi ikining'inia shingoni. Alivuka akiangalia njia zetu za matope kwa mashaka.

Mgeni: Shikamooni wazee. Habari za hapa?

Sisi: Marahaba. Nzuri.

Mgeni: Naitwa Asnath, nimetoka Kabwe. Namtafuta Mzee Felisiani mwenye nyumba ya ukungu.

Hivyo ndivyo alivyosema, mwenye nyumba ya ukungu, kwa roho safi kabisa, kama anavyoulizwa mtu mwenye nyumba ya bluu. Injinia alisimama akajifunga kifungo cha koti.

Injinia: Ni mimi. Karibu fundi. Mbona baridi yetu haijakutisha?

Asnath: Imenitisha. Huko kwetu saa hizi watu wako vifua wazi. Mama, kahawa ipo?

Rozina: Ipo ya mwisho mwisho. Kaa, dada.

Tulibanana, akakaa kati ya Profesa na Dizeli. Dizeli alikuwa anaitazama pikapu kwa jicho la mtu anayetaka kuifungua.

Dizeli: Fundi, samahani. Hayo magadi hayapiki mbao?

Asnath: Hayapiki, kaka. Yanapiga yanapasuka, yakipasuka yanaondoka na kilichoshika juu. Ndiyo maana hatutumii mchanga. Mchanga ungekula mbao, ungeiacha na makovu. Magadi yanakula ukungu peke yake.

Profesa: Na paa halinyanyuki?

Asnath: Lifanyeje?

Profesa: Si mimi, ni huyu.

Asnath: Halinyanyuki, mzee. Vumbi ndilo tabu. Nyumba nzima inakuwa nyeupe. Kwa hiyo kabla sijapanda lazima nijue hali. Paa linavuja?

Injinia: Halivuji hata tone. Niliezeka mwenyewe.

Asnath: Bomba la maji linapita darini?

Injinia: Hakuna.

Asnath: Matundu ya hewa je, kule juu pembeni chini ya bati?

Uso wa Injinia uling'aa. Kwa hilo alikuwa na jibu.

Injinia: Nimeziba yote. Mwaka juzi baridi ilitushika, na panya nao. Nikachanganya saruji, nikaziba moja baada ya jingine. Sasa baridi haipiti, panya hapiti.

Asnath: Na hewa?

Injinia: Hewa ipi?

Asnath alikunywa funda moja, akaitikia kwa kichwa pole pole, kama daktari anapoandika kitu asichokuonyesha.

Asnath: Sawa. Na huko juu kuna vitu gani nivifunike? Wengine wanaweka masanduku, mabegi.

Injinia: Hakuna masanduku.

Dizeli: Kuna mahindi.

Injinia: Ah, mahindi ni mahindi.

Dizeli: Fundi, ni gunia kumi na nne! Usiulize mimi, uliza mgongo wangu. Tulipandisha sisi, mimi na Soli na huyu Profesa akihesabu. Tulipitishia kwenye tundu kubwa la ukuta wa pembeni, kwa ngazi. Injinia alikuwa ametandika mbao juu ya kenchi, safi, kama sakafu.

Profesa: Nilihesabu na kubeba.

Dizeli: Ulibeba daftari.

Asnath: Mlipandisha lini?

Injinia: Mwezi wa saba mwaka jana, baada ya kuvuna. Mwaka ule mvua ilichelewa kukata, na wezi walikuwa wanapitia mashamba. Nikayaingiza mapema. Kisha nikaliziba na hilo tundu.

Asnath: Yalikuwa yamekauka?

Injinia: Yangekaukia huko. Mahindi tangu zamani yanakaa darini. Baba yangu aliyaweka darini, babu yangu vilevile. Nyumba ya baba ina mbao za miti ya porini ambayo hata hajaipiga randa, na mpaka leo ukipanda huko ni nyeusi inang'aa, haijaota kitu. Mahindi yake yalikuwa yanalia kama kokoto mpaka msimu mwingine.

Tuliitikia wote. Kwetu ndivyo ilivyo. Kila mmoja pale amekua akiangalia mahindi na ulezi juu ya kichwa chake, katika nyumba ya jiko, yamepangwa darini. Hata mimi nilijisikia kumtetea Injinia. Hapo hapakuwa na kosa, hiyo ni desturi.

Asnath: Nimekuelewa, mzee. Hata sisi, dagaa wakikosa jua tunawapandisha hivyohivyo. Sasa naomba kuuliza. Hayo mahindi yako yako juu ya chumba gani?

Injinia: Chumbani kwetu. Pale mwizi hafiki.

Asnath: Na chini yake moto mnawasha wapi?

Niliandika nyuma kwamba Dizeli hunyamaza akiwa amelala tu. Nafuta. Alinyamaza. Profesa alifungua mdomo, akainua kidole chake cha darasani, kidole kikabaki hewani hakina la kufundisha, akakishusha. Rozina alinitazama mimi, mimi nikatazama kiatu cha mtu. Maana ghafla niliiona nyumba ya jiko ya mama yangu yote, mawe matatu, kuni mbichi, moshi wa kutoa machozi unapanda asubuhi, mchana na jioni, unakausha kila punje na kupaka kila boriti masizi. Miaka yote nilikuwa nalaani ule moshi. Na sisi, watu wazima wenye akili, tulitoka jasho tukipandisha gunia kumi na nne za mahindi mabichi juu ya kitanda na jipsam, tukaziba tundu, tukaenda zetu kunywa kahawa.

Asnath: Sijaeleweka? Nauliza moto.

Injinia: Umeeleweka.

Alikaa chini taratibu.

Injinia: Otilia aliniuliza hivyohivyo.

Rozina: Lini?

Injinia: Siku ileile. Nilikuwa juu ya ngazi, nimebeba gunia la tatu au la nne. Akasema, "Baba Silvana, kwa mama kulikuwa na moto chini. Hapa moto uko wapi?"

Profesa: Ukamjibu nini?

Injinia: Nilimwambia ashike ngazi vizuri.

Jamani. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa chini ya hiyo ngazi nangojea zamu yangu, nikamsikia Otilia akiuliza, nami nikacheka pamoja na wenzangu. Niliona haya, na ninaona haya kuiandika.

Asnath hakucheka wala hakutoa pole. Alimaliza kahawa yake.

Asnath: Mzee, mimi leo naweza kupuliza. Kenchi zitakuwa nyeupe Pasaka hii. Lakini magadi yanaondoa ukungu, unyevu hayaondoi. Masika mengine utanipigia simu, na huyo mama uliyenieleza kwenye simu atakuwa bado Milanzi. Kwanza hayo mahindi yashuke. Bomoa lile tundu, fungua na matundu mengine, hewa ipite, mbao zikauke wiki nzima. Ndipo nipande.

Injinia: Na mahindi?

Asnath: Yaangalieni kwanza. Yaliyoota ukungu usimpe mtu, wala kuku. Tangazo la sumukuvu mmelisikia redioni.

Injinia: Pasaka tutawahi?

Asnath: Mkishusha leo tutawahi.

Injinia alitoa simu. Akasimama, akaenda hatua kumi mpaka kwenye nguzo ya umeme, akatugeuzia mgongo. Sisi tulijifanya hatusikilizi. Hata Dizeli alikuwa anapumua kwa kiasi.

Injinia: Haloo. Otilia... Hapana, siumwi... Nimekula, ndiyo... Sikiliza. Ni lile swali lako. La mwezi wa saba... La kwenye ngazi... Najua ni zamani. Sikukujibu, nakujibu sasa. Hakuna moto. Uliona wewe, mimi sikuona... Ndiyo. Ndiyo, mama.

Kisha akawa anasikiliza tu. Alisikiliza kwa muda ambao Profesa angeweza kusahihisha madaftari ya darasa zima. Akarudisha simu mfukoni, akarudi.

Dizeli: Amesemaje?

Injinia: Ameuliza waliopandisha walikuwa akina nani.

Dizeli: Hukutaja.

Injinia: Nimetaja wote. Na daftari la Profesa.

Profesa: Mimi nilikuwa mwalimu wake wa katekisimu!

Injinia: Amesema waliopandisha ndio watakaoshusha, leo hii, kabla ya mvua ya mchana.

Rozina: Na yeye?

Injinia alijaribu kulisema kama jambo la kawaida.

Injinia: Yuko kwenye bajaji. Anasema chumbani haingii mpaka fundi amalize, atasimama nje. Anakuja kushika ngazi.

Dizeli alishika kiuno akaanza kuugua kabla hajabeba hata punje. Profesa alikuwa anamweleza Asnath kuhusu shinikizo lake la damu, naye Asnath alikuwa anamtafutia barakoa ya ziada. Mimi nilifunga kibanda saa nne na nusu ya siku ya kazi, nikaenda kutafuta nyundo ya kubomolea tundu.